Nyumba ya Thelathini na Moja

Kituoni, 21 Septemba 1986

Eje Sayra, dada yangu,

Salamu kwako, kwa shemeji Esen na kwa watoto. Mama mbusie mkono kwa niaba yangu, wa kulia, ule wa kushoto atakuchapa nao. Mimi mzima. Lori la makaa limefika leo na linageuza kabla jua halijazama. Naandika dereva akinywa chai, na anakunywa haraka.

Huku hakuna kilichobadilika. Nyumba ile ile, jiko lile lile, uzio wa vipimo vya hali ya hewa, barafu mbele, na nyuma mlima wa Kara-Bel tuliopitia kuja. Mwenzangu ni Mzee Rinat tena, yule Mtatari wa redio. Ameongezeka kilo sita tangu majira ya kuchipua na anasema ni hewa.

Sikuwaambia jambo moja nilipokuwa nyumbani. Februari iliyopita nilianza kubishana na jiko. Si mzaha, Eje. Nilibishana nalo kwa sauti, na likawa linanishinda. Miguu ilivimba kwa kulala. Daktari wa wilaya alinipima mwezi uliopita akasema, "Ukirudi kule, ukimbie nusu saa kila siku, theluji ianguke isianguke. Ukishindwa, mwakani sikutilii saini."

Basi nakimbia. Nimejitengenezea njia kuzunguka nyumba na uzio, hatua mia mbili na kumi. Miguu haina neno. Taabu ni kichwa. Mzunguko wa tano kinauliza, tunakwenda wapi? Wa nane kinajibu chenyewe, hatuendi popote. Wa kumi naingia ndani. Rinat husimama mlangoni na kikombe chake. Leo ameniuliza, "Bingwa, Moscow umeshafika?"

"Bado, mzee."

"Basi rudi, chai inapoa."

Muulize Mama. Ametembea nyuma ya kondoo miaka sitini, lazima anajua mtu anakilisha nini kichwa chake kisije kikamla.

Mdogo wako,
Kubat


Tash-Bulak, 8 Oktoba 1986

Mdogo wangu Kubat,

Sote wazima. Esen anakusalimu, amemaliza kukata nyasi za baridi. Mtoto wetu mdogo ameota jino na anamuuma kila anayembeba. Mama ana kikohozi kidogo, cha vumbi la nyasi tu.

Nimemsomea barua yako mara mbili. Ya kwanza alicheka, ya pili hakucheka. Kisha akasema niandike neno kwa neno, nisipambe. Haya:

"Mwambie huyo mtoto, punda wa kinu huzunguka kwa sababu amefungwa macho. Yeye ana macho, basi atazame kitu. Aanze chini, kwa Toktogon wa darajani. Mzunguko mmoja, nyumba moja. Apige hodi, aulize hali, aulize mifugo, asikae chai. Kisha nyumba ya pili. Asiruke nyumba hata kama wamegombana na sisi. Mpaka kwangu ni nyumba thelathini na moja. Akifika kwangu avue viatu, aniambie ameona nini. Na avae kofia. Hata akifa, afe na kofia."

Nimekuandikia majina ya wenye nyumba kwenye karatasi ya pili, usije ukasahau mtu. Kwa Bayish wamepata mapacha. Kwa Orunbay bado wanamlilia ng'ombe wao aliyeanguka bondeni. Nyumba ya kumi na nne ni tupu, mwenyewe kahamia mjini, lakini Mama anasema upige hodi hivyo hivyo, nyumba tupu nayo ina haki yake.

Lori la mwisho linaondoka Jumapili. Baada ya hapo ni mwindaji Mukash tu, akienda kukagua mitego yake ya mbwamwitu. Amekubali kubeba barua. Watu habebi.

Dada yako,
Sayra


Kituoni, 16 Novemba 1986

Eje,

Salamu kwenu nyote. Mukash amefika jana jioni na mbao zake za kutelezea, ndevu zote barafu. Amelala kutwa. Njia imeshafungwa. Anasema amezunguka kwa kupitia mawe ya upande wa pili, siku tatu, na mahali pawili alitambaa kama mtoto.

Mwambie Mama dawa yake ni kali. Siku ya kwanza nilifika nyumba ya kumi na mbili. Siku ya sita nilifika kwake. Naanza kwa Toktogon, mbwa wake ananibwekea, nampita. Kwa Bayish nasikia mapacha. Kwa Orunbay natoa pole ya ng'ombe, na kila siku ananisimulia upya alivyoanguka. Nyumba tupu nagonga na kuondoka. Kufika thelathini na moja jasho limeganda kwenye nyusi. Navua viatu, nakaa upande wa jiko, namwambia Mama: leo nyuzijoto kumi na tisa chini ya sifuri, upepo wa kaskazini, kofia ninayo. Anasema kitu. Kila siku kitu kingine. Wakati mwingine nacheka njiani.

Rinat anadhani limenirudia la jiko. "Unaongea na nani kule nyuma?"

"Na majirani."

"Wasalimie. Waulize kama wana vitunguu."

Lakini habari zangu zimechakaa. Mapacha wa Bayish siwezi kuwasikia kila siku wakilia kilio kile kile. Niletee mpya, nyumba kwa nyumba. Na kikohozi cha Mama kimefikia wapi? Hilo uliliandika harakaharaka.

Kubat


Tash-Bulak, 15 Desemba 1986

Mdogo wangu,

Sote tupo. Barua yako ilifika.

Kwa Toktogon mbwa ameliwa na mbwamwitu, kwa hiyo pita kimya. Kwa Bayish pacha mmoja anaitwa Nurlan na mwingine bado wanabishana. Orunbay ameuziwa na binamu yake ndama mwenye mguu mbovu, ugomvi mkubwa, wazee wameitwa. Nyumba ya tisa wamepaka mlango rangi ya buluu. Nyumba ya kumi na nne amehamia mwalimu mpya wa hesabu, mwembamba, anakula kwa zamu kwenye nyumba za watu. Nyumba ya ishirini na mbili binti ametoroka na dereva wa matrekta, baba yake amesema hataki kusikia jina lake, na kila jioni anasimama barabarani akitazama njia ya matrekta. Nyingine zote nimeandika nyuma ya karatasi.

Mama anasema anajivunia wewe kwa kukimbia kila siku. Anasema uendelee.

Baridi ni kali, mkono unaganda. Naishia hapa.

Sayra


Kituoni, 22 Desemba 1986

Eje Sayra,

Asante kwa habari za nyumba thelathini. Nimezihesabu. Za majirani umezijaza mbele na nyuma ya karatasi. Kwetu umenipa mistari miwili.

Mama anajivunia? Nina miaka ishirini na tisa na sijawahi kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwake. Niliporudi kutoka jeshini alinitazama kuanzia chini hadi juu akasema, "Umechakaza mabuti." Sasa anajivunia mimi kuzunguka nyumba? Na kofia hajauliza?

Kikohozi vipi? Nimeuliza mwezi uliopita, hukujibu.

Nisamehe nikiandika kwa ukali. Huku kumekuwa kugumu. Mimi na Rinat hatuongei tangu wiki jana, kwa ajili ya kijiko. Naona haya kukuandikia sababu yake. Usiku unaingia saa kumi, na ndani ni watu wawili wanaosikilizana wakitafuna. Nusu saa ya nje ndiyo siku yangu yote. Nikikimbia ninao watu thelathini na mmoja. Nikiingia ndani ninaye mmoja, naye hanitazami.

Fanya hivi. Muulize Mama nilivunja nini siku ya harusi yako. Tulikubaliana asimwambie mtu. Akikuambia, niandikie, nami nitakuomba radhi.

Kubat


Tash-Bulak, 25 Januari 1987

Mdogo wangu Kubat,

Salamu kutoka kwa Esen na watoto. Jino la pili limetoka. Mwalimu wa hesabu ameugua kwa kula kwa watu wengi mno. Yule binti wa nyumba ya ishirini na mbili ameandika barua, baba yake ameificha chini ya godoro, na kijiji kizima kinajua iliko.

Mwombe radhi Mzee Rinat hata kama kosa ni lake. Wewe ni mdogo kwake, na ukuta wenu ni mmoja.

La harusi sina jibu. Mama amelala ninapoandika.

Vaa kofia.

Sayra


Kituoni, 2 Februari 1987

Eje,

Mukash anasubiri mlangoni, hataki kukaa, anasema mawingu hayampendezi. Naandika nimesimama.

Nimemuuliza, "Mama yangu anaendeleaje?" Akainama kufunga kamba ya buti. Ilikuwa imefungwa tayari.

Siku tisa sasa nakimbia mizunguko thelathini tu. Ya mwisho miguu inakataa. Rinat, aliyenyamaza mwezi mzima, juzi amefungua mdomo: "Thelathini tu, bingwa? Nyumba ya mwisho wamekufungia mlango?" Hakujua alichosema. Nilimtupia koleo la makaa. Ashukuru nilikosa.

Mama yuko wapi, Eje? Andika. Usiniandikie ya Orunbay.

K.


Tash-Bulak, 1 Machi 1987

Kubat, mdogo wangu, damu yangu,

Keti chini kwanza. Kama umesimama, keti. Nimemwomba Mukash akae nawe unapoisoma, na akuambie kwa mdomo wake kabla hujafungua, kama ilivyo desturi. Habari hii haikupaswa kuja kwa karatasi.

Mama hatunaye. Alitutoka tarehe 29 Novemba, asubuhi, baada ya chai. Kilikuwa kikohozi kile kile. Barua yako ya Novemba aliisikia, nilimsomea siku nne mfululizo, na pale Rinat anapoomba vitunguu alicheka mpaka tukamshika mgongo. Tumemzika kando ya Baba. Watu walijaa. Wazee wote wa kijiji walimbeba. Nafasi yako kwenye jeneza alishika Esen.

Utauliza kwa nini. Siku mbili kabla alinishika hapa kwenye kifundo cha mkono, nikaona alama kesho yake, akasema, "Mpaka theluji ya Kara-Bel iyeyuke, asijue. Niapie." Nikasema, Mama, ni mwanao wa pekee wa kiume. Akasema, "Ndiyo maana." Kisha akaniambia jambo ambalo wewe hulijui, wala mimi sikulijua.

Unakumbuka tulivyoambiwa, Baba alikwenda kutafuta farasi, akafa kwenye theluji. Hakukuwa na farasi. Kaka yake alikuwa amefariki upande wa pili wa mlima, mwezi wa Februari. Waliotumwa walimwambia Mama kwanza, wakamwachia yeye uamuzi. Majirani walimshauri angoje majira ya kuchipua. Yeye akasema mtu ana haki ya kujua siku ya kaka yake. Akamwambia akiwa anakula. Baba aliacha kijiko kwenye bakuli, akavaa, akatoka. Walimpata Mei. Wewe ulikuwa na miaka minne. Mama akasema, "Nilimuua kwa ulimi wangu. Huyu naye ana miguu ya baba yake. Sitamuua."

Nikaapa. Nimeapisha kijiji kizima, na Mukash.

Nilipoandika kwamba amelala, sikuweza kuandika jingine. Ulivunja nini sijui. Amekwenda nalo.

Nakuandikia sasa ingawa theluji bado ipo, kwa sababu umeshajua, na mtu anayejua nusu ni hatari kuliko anayejua yote. Kwa hiyo nimevunja kiapo pia. Usitoke, Kubat. Nakuomba kwa maziwa tuliyonyonya wote. Usitoke.

Sayra


Tash-Bulak, 28 Machi 1987

Kubat,

Mukash amerudi. Anasema hakukaa. Anasema alimkabidhi Rinat bahasha ukiwa kwenye vipimo, akageuza mbao zake akaondoka, kwa sababu hawezi kutazama uso wa mtu anaposoma kitu kama kile. Mtu anayelala na mbwamwitu! Nimemfukuza kwa ufagio, kisha nikamwita tena abebe hii.

Anasema pia alipokuwa kwenye mawe ya upande wa pili kimbunga kilishuka Kara-Bel, siku nne, akajichimbia theluji kama kwale.

Nimekwenda wilayani, ofisi ya hali ya hewa. Wameniambia kituo kinatuma tarakimu kila baada ya saa tatu, hakuna iliyokosekana ila moja, tarehe 9 Machi, saa tisa mchana. Nikauliza, anayetuma ni nani? Wakasema tarakimu hazina sauti, mama.

Andika neno moja. Hata tusi.

Sayra


Kituoni, 5 Aprili 1987

Sayra,

Mimi mzima. Tarakimu zilizotumwa ni za Rinat, na ile iliyokosekana ni kwa ajili yangu.

Niliisoma nimesimama. Niliposoma ya kijiko kwenye bakuli niliikunja, nikatia mkate mfukoni, nikatoka. Sikuwaza. Rinat aliuliza, "Unakwenda wapi? Saa ya kukimbia bado." Nikapita uzio, nikashika njia ya mlima. Nilikuwa nakimbia, sikujua kama nakimbia. Mwili umezoea.

Nyuma nikasikia sauti: "Kubat! Barometa imeanguka! Kubat, imeanguka kama jiwe!" Sikugeuka. Yule mtu hajavuka uzio wa vipimo tangu alipofika, miaka miwili. Nikasikia anakuja. Sikuamini, lakini nilimsikia, theluji ikipasuka chini yake, akihema kama mashine. Labda tulikwenda hivyo robo saa. Kisha kimya. Nikageuka. Alikuwa amelala kifudifudi, suruali ya kulalia, kichwa wazi.

Nilisimama. Nakuambia kweli, nilisimama kwanza kabla ya kurudi, na nilifikiri nimwache.

Akainua uso, midomo buluu, akasema, "Nenda! Nenda basi! Wewe ufie kule, mimi nife hapa, na saa tisa nani atapima upepo?"

Nilimvisha kofia yangu. Nilimburuta, nikambeba, nikamburuta tena. Tulipofika uzio hatukuona tena mlima. Tulipofunga mlango hatukuona uzio. Siku nne nyumba ilitetemeka. Ningekuwa juu kabisa wakati ule.

Sikio lake la kushoto limekatika ncha. Anasema bado anasikia upuuzi wangu vizuri. Siku ya tatu alikaanga mikate saba kwa mafuta yetu ya mwisho, ili harufu imfikie Mama, kama bibi yake alivyokuwa akifanya. Akajaribu kusoma dua, akakwama katikati. Nikaichukua nami nikakwama. Tukala.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sasa nisikilize wewe.

Kuanzia siku aliyokufa mpaka miguu yangu ilipokataa, kila siku nilifika kwenye ule mlango. Nikavua viatu. Nikampa habari za upepo. Nikamngoja aseme. Wewe ulijua hakuna mtu ndani, na ukaniacha nibishe hodi. Ukanipakia na habari za ndama ili nifike haraka.

Njia ikifunguka nitashuka, kwa ajili ya Mama. Usinipikie.

Kubat


Tash-Bulak, 8 Juni 1987

Mdogo wangu Kubat,

Nakuandikia kwa anwani ya mjini, bweni la ofisi yenu, maana hukuniambia unakwenda wapi. Dereva wa basi ndiye aliyeniambia.

Sijui kama unakumbuka siku ulipofika. Niliona kutoka uani. Ulishuka barabarani, ukakaza mshipi, ukaanza kukimbia kuelekea nyumbani ukilia kwa sauti, "Mama yangu, mlima wangu," kama anavyopaswa mwana wa kiume, kana kwamba maiti bado iko ndani. Miezi sita imepita, watoto wakacheka. Wazee waliwanyamazisha. Orunbay alitupa jembe akaja kukushika bega la kulia, na Bayish la kushoto, na sisi wanawake tukaanza upya kuomboleza, na sikujua kama nina machozi yaliyobaki, kumbe yapo.

Ulikumbatia kila mtu. Ulimkumbatia mwalimu wa hesabu ambaye hata hakumjua Mama. Mbele yangu ulipita. Siku tatu ulilala kwa Orunbay, ukaenda kaburini alfajiri ili tusikutane, ukaondoka bila chai yangu. Nilisema moyoni, ni haki yake.

Lakini baada ya hapo nimefikiri, na nataka ulisikie. Sikuombi radhi kwa kuficha. Niliamriwa na mtu anayekufa, na ulipojua ulifanya kile kile alichokiogopa. Ningeulizwa tena, ningeapa tena. Kuzusha ndiko ninakokuombea radhi. Maneno yale niliyomtia kinywani, kwamba anajivunia, hakuniamuru mtu. Niliogopa ukimya wake kwenye karatasi, nikaujaza mwenyewe. Nilimsemea mama yangu akiwa hana siku ishirini kaburini. Hilo linaniamsha usiku, na sijamwambia hata Esen.

Sina habari za nyumba yoyote leo. Nimekuandikia ya kwetu tu.

Sayra


Naryn, 27 Juni 1987

Eje Sayra,

Salamu kwako, kwa shemeji na watoto. Barua yako ilikaa juu ya kabati siku kumi kabla sijaifungua, kisha nimeisoma kila siku.

Nipo kwenye mafunzo hadi mwisho wa mwezi ujao. Daktari amenipima, miguu ni ya mtu mzima na moyo pia, ametia saini. Rinat hajatiliwa. Moyo wake ulikuwa mbovu kabla ya ile siku, na alijua. Nimemuuliza, ulijua, na bado ukanikimbilia? Akasema, "Ningekuita kwa redio?" Amehamia kwa binti yake, anaripotiwa kuongezeka kilo nyingine mbili.

Bado nakimbia, asubuhi, kando ya mto. Wanawake wanaokamua hunicheka, wananiuliza ng'ombe wangu amekimbilia upande gani. Mwanzoni nilitafuta kitu cha kutia kichwani, nguzo za umeme, majina, tarakimu za upepo. Sasa sitii kitu. Nakiacha kiende. Kinakwenda kwa Mama, kila siku, hatua mia za mwanzo tu na kimeshafika. Nalia kidogo, napenga kamasi, naendelea. Nilidhani kisipopewa kazi kitaniua. Hakijaniua.

Na huko njiani, juzi, nimepata kuona kitu. Nilipopita mbele yako pale uani, mikono yako wazi, niliyemkasirikia hukuwa wewe. Nilimkasirikia yeye. Kwa kunijua. Kwa kukaa kitandani akahesabu jinsi nitakavyotoka, mpaka kofia nitakayomvisha mtu mwingine labda aliijua, na kwa kuniamulia kwamba nisimzike. Mtu anawezaje kumkasirikia mama aliye chini ya udongo? Nilitafuta wa kumbebesha, ukawa umebaki wewe.

Nitakuja na basi la Jumamosi. Nitalala kwako.

Mdogo wako,
Kubat